Kibanda Namba Mia na Nne

Mthamini wa serikali alifika kwetu Jumatano asubuhi, saa nne kasoro hivi, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza kupiga deki sebuleni na maji hayajakauka. Nilimsikia kabla sijamwona, maana alikuwa anaongea na simu njia nzima. "Nimebakiza ishirini na sita, mkuu. Ishirini na sita tu kwa leo." Kichwani alikuwa na kofia ngumu ya njano, tepu ya kupimia imening'inia kiunoni, na jalada la fomu kalikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kichanga. Viatu vyake vilikuwa na vumbi mpaka kwenye kamba.

Tulishaambiwa watakuja. Barabara kubwa inapanuliwa, njia mbili zinakuwa nne, na upande wetu wote, kuanzia stendi ya zamani mpaka darajani, tunaondoka. Nyumba zilikuwa zimeshapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Ya kwetu waliipiga karibu na dirisha la sebule, rangi ikachuruzika mpaka chini. Wifi yangu aliichukulia sabuni na brashi ya kufulia, akaisugua tangu asubuhi mpaka jioni. Haikutoka. Ilififia ikawa rangi ya ufizi.

Nyumba hiyo aliijenga marehemu mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa greda. Barabara nyingi tu za upande huu kazichonga yeye. Aliijenga kwa miaka tisa, likizo kwa likizo, na huyo dada yake, yaani wifi yangu, ndiye aliyekuwa akibeba maji ya kuchanganyia udongo. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kukaa na sisi chumba cha nyuma, na mume wangu alipofariki tukabaki sisi wawili. Ni nyumba ya vyumba vitatu na sebule, bati juu, sakafu ya saruji niliyokuwa nikiipaka rangi nyekundu kila mwaka. Ukuta wa mbele una lipu. Ukuta wa ubavuni hauna, matofali yanaonekana, kwa sababu saruji iliisha na mwenye kuinunua akaisha pia.

"Karibu, mwanangu," nikamwambia yule mthamini. "Karibu kwenye kibanda chetu."

Ndivyo nilivyolelewa. Mgeni akija huanzi kumtandikia sifa zako. Nyumba yako ni kibanda, chakula chako ni cha kubahatisha, mwanao aliyefaulu mtihani unasema anajitahidi hivyo hivyo. Nimewahi kukaribishwa kibandani na mwenye ghorofa. Basi yule mthamini nikamtolea kiti, akasema amechoka kukaa na kuinuka, bora asimame. Nikamletea maji, akanywa glasi mbili bila kupumua.

"Ingia basi ndani uone."

Akatazama sakafu inavyometameta maji, akatazama viatu vyake. "Nitakuchafulia, mama. Napima kwa nje tu, inatosha."

Nikamshukuru moyoni. Nikamshikia ncha ya tepu, tukazunguka nyumba, yeye anasoma, mimi nimebana ncha ukutani kwa kidole gumba. Tulipofika ubavuni, kwenye matofali matupu, akaegemeza jalada ukutani na kutoa kalamu.

"Hili jengo tuandike nini, mama?"

"Ah, kibanda chetu tu hiki, baba. Pa kujisitiri."

Akanitazama kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Simu yake ikalia tena. Akaandika.

Halafu akanipa fomu nisaini. Mimi sisaini kitu bila kusoma, mwalimu wangu wa darasa la nne alitucharaza kwa hilo. Nikaenda kuchukua miwani yangu, ile iliyofungwa uzi mkono mmoja, nikasoma mstari kwa mstari, kijana wa watu akingoja juani. Jina langu sawa. Choo kimoja, sawa. Miti ya matunda miwili, sawa. Aina ya jengo: kibanda, na pembeni maneno yangu yenyewe kwa herufi ndogo. Nilisoma neno hilo vizuri kabisa, na sikuona kosa. Kusema kweli lilinifurahisha kidogo. Nikajisemea, huyu mtoto wa watu ana adabu, kanisikiliza. Nikaweka sahihi yangu, ile ndefu yenye mkia.

Wifi hakuwepo siku hiyo. Alikuwa kliniki kupimwa presha.

*

Orodha ilibandikwa miezi mitatu baadaye, kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, karatasi kumi na moja zimepangwa kama nguo kambani. Watu walijaa pale wanasukumana. Wifi hana miwani, na goti lake moja ni bovu, kwa hiyo aliniegemea begani huku mimi natafuta kwa kidole.

"Tupo?"

"Tupo. Mia na nne."

"Soma."

Nikasoma kwa sauti kabla sijafikiri. "Kibanda, kimoja. Choo, kimoja. Miti ya matunda, miwili."

"Kibanda cha nani?"

"Chetu."

"Sisi tuna kibanda wapi? Soma vizuri, huo si mstari wetu."

Ulikuwa mstari wetu. Na chini ya karatasi ya mwisho palikuwa na maelezo, niliyasoma mara mbili. Mwenye nyumba ya kuishi atapewa fidia na kiwanja cha kuhamia. Mwenye kibanda, ukuta, uzio au banda la mifugo atalipwa thamani ya vifaa vyake, na hatapewa kiwanja.

Wanawake wawili, mmoja wa miaka sabini, mwingine sitini na saba, hakuna kiwanja. Wanangu wana maisha yao ya kupanga chumba kimoja kimoja mijini. Tungekwenda wapi na bati letu?

Mstari wa chini yetu ulikuwa wa fundi saa, jirani yetu. Yeye aliandikiwa nyumba za kuishi mbili. Wifi alipoambiwa aliguna mpaka watu wakageuka.

"Mbili? Ya pili ipi?"

Fundi saa mwenyewe alikuwa pale pale, anacheka meno yote nje. "Ile ya nyuma, mama. Mthamini aliniuliza, nikamwambia hii ndiyo nyumba kubwa, na ile pale ni nyumba ndogo."

"Ile analala kuku!"

"Mimi nimesema ni ndogo, sijasema analala nani."

"Wanaume wenzako nyumba ndogo wanazificha," wifi akamwambia, "wewe umeipeleka mpaka serikalini ikapewa kiwanja." Watu wakaangua kicheko, na hata yeye mwenyewe akacheka. Lakini tulipoanza kurudi nyumbani nikamwona anafuta macho na ncha ya kanga. "Nyumba ya kaka yangu," akasema. "Kawachongea barabara miaka ishirini na tatu. Leo barabara imemfuata mpaka kitandani, na bado wanamwita mwenye kibanda. Nani kaandika hivi, wifi?"

"Wamekosea," nikasema.

Hilo ndilo nililolisema. Nilikuwa na nafasi ya kusema lingine, njia nzima nilikuwa nayo, sikulisema.

*

Ofisi ya ardhi ipo ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa na karatasi ya kusema mbovu, karatasi yenyewe imeshachakaa. Wifi na goti lake alikuwa ananisubiri chini, kwenye benchi la saruji karibu na mlinzi. Mimi napanda. Safari ya kwanza nilikuta mhusika yupo semina. Ya pili, mhusika yupo lakini jalada halipo. Ya tatu, jalada lipo, mhusika kapata msiba. Kila nikishuka, wifi anauliza, "Wamesemaje?" nami najibu, "Wamesema wiki ijayo," na mlinzi anasema, "Wiki ijayo hiyo mimi naisikia tangu niajiriwe."

Safari ya nne binti wa mapokezi aliniona nimeshika ukuta nahema, akanihurumia, akalitafuta jalada mwenyewe. Alikuwa na kucha ndefu na alifungua karatasi kwa pembeni ya kidole.

"Bibi, mbona hapa umesaini mwenyewe?"

"Nimesaini, mjukuu wangu."

"Na sahihi nzuri tu. Ulisoma kabla ya kusaini?"

"Nilisoma."

Akanitazama. Naona alitegemea niseme sikusoma, ili aniandikie kwamba sikuelewa. Ingekuwa rahisi. Lakini kusema uongo juu ya kusoma, kitu nilichokipata kwa fimbo na kwa kutembea peku, nilishindwa.

"Basi andika pingamizi," akasema taratibu. "Litakwenda baraza la usuluhishi. Ila nakwambia ukweli, bibi, serikali itakuja na hii karatasi."

Nikaandika pale pale kaunta, kwa mkono wangu, kurasa mbili. Nikaandika bati ni ngapi, madirisha mangapi, mlango wa mbele ni wa mbao ya aina gani. Sikuandika nani aliyesema kibanda. Niliposhuka, wifi akauliza, nikajibu, "Tunaitwa barazani." Akashukuru Mungu, akajivuta kusimama. Mimi ngazi zile zilikuwa zimenimaliza, na si ngazi peke yake.

*

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa chini, bahati mbaya. Nasema bahati mbaya kwa sababu hapakuwa na ngazi za kumzuia wifi. Tulifika saa mbili, tukaitwa saa saba. Feni la juu lilikuwa linazunguka likilia kama mtu anayesaga meno usingizini. Watu waliokuwa wanasubiri zamu zao walikaa nyuma yetu, wanajipepea kwa bahasha zao za kaki.

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, miguu imemvimba. Alikuwa amevua viatu chini ya meza na kuvisukuma pembeni. Wakili wa serikali alikuwa kijana mwenye shati jeupe na mafua makali, kila baada ya sentensi mbili anakwenda kwenye leso. Mthamini wangu alikaa ukutani, kofia ya njano magotini.

Wakili akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, nitasema kwa kifupi. Mlalamikaji anadai mthamini aliandika kibanda mahali penye nyumba. Lakini neno hilo si la mthamini." Akapenga kamasi, akaomba radhi. "Hapa pembeni ya fomu kuna maelezo. Nasoma. 'Kwa kauli ya mwenye mali: kibanda chetu tu, pa kujisitiri.' Na chini kuna sahihi yake. Aliyesema ni yeye, aliyesaini ni yeye."

Nilihisi wifi anageuka. Sikumtazama.

"Wifi. Umesema wewe?"

"Mama," mwenyekiti akasema, "unazungumza na baraza."

"Naomba radhi, mheshimiwa, nazungumza na wifi yangu kwanza, baraza nalifikia." Watu wa nyuma wakacheka chini chini. Yeye hakucheka. "Nyumba ya kaka yangu umeiita kibanda?"

"Nilikuwa namkaribisha mgeni," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo, ya mtoto aliyevunja sahani.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. "Rudia, mama. Ulikuwa unafanya nini?"

Nikasimama nikaeleza. Nikasema mtu akija mlangoni kwako humwambii karibu kwenye nyumba yangu kubwa nzuri, utaonekana huna haya. Nikasema hata yeye mheshimiwa angekuja ningemwambia hivyo hivyo. Nikasema niliposoma lile neno kwenye fomu nililiona ni neno la adabu, sikujua kuwa limegeuka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ni kweli kabisa," na mwingine akamwambia nyamaza.

Wakili hakuwa mtu mbaya. Alisubiri nimalize, akasema, "Namwelewa mama. Mama yangu pia anasema hivyo. Lakini orodha hii ina watu mia mbili na kumi na mmoja. Serikali inalipa kilichoandikwa. Tukianza kuuliza kila mmoja alimaanisha nini moyoni, barabara hii wataipita vitukuu vyetu."

Nikaona anasema kweli, na nikaona kiwanja kinakwenda.

Mwenyekiti akamgeukia mthamini. "Wewe uliingia ndani ya hilo jengo?"

Kijana akasimama, kofia ikaanguka, akaiokota. "Sikuingia, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Mama alikuwa amepiga deki. Nilikuwa na vumbi."

"Ukaogopa kumchafulia sakafu."

"Ndiyo."

"Sakafu ya kibanda."

Akaigeuza kofia mikononi, akasema, "Siku ile nilikuwa na majengo arobaini, mheshimiwa. Ilifika mahali nikawa naandika ninachoambiwa. Nilitaka kumuuliza mara ya pili. Nakumbuka nilitaka." Alionekana amechoka kuliko mimi.

Mwenyekiti akaandika muda mrefu. Feni likaendelea. Akasema baraza litakwenda kulitazama jengo lenyewe Jumatatu. Wakili akainua mkono, akaomba kitu kimoja: kwamba mwenye mali atoe maelezo yake upya, pale pale mlangoni, na yaandikwe kama atakavyoyatamka, kwa sababu fomu ya kwanza ilijengwa juu ya kauli yake na haiwezi kuvunjwa bila kauli nyingine.

"Ni haki," mwenyekiti akasema. "Mama, umesikia? Jumatatu utasema mwenyewe ni nini. Useme unavyojua."

*

Tulirudi kwa miguu. Wifi alitangulia, na kwa goti lile sijui alipata wapi mwendo. Tukafika uani.

"Safari nne ulizopanda zile ngazi," akasema, amenipa mgongo. "Unashuka, nakuuliza, unasema wiki ijayo. Mimi nimekaa na mlinzi pale natukana watu wasio na hatia."

"Niliona haya."

"Nilibeba maji mimi. Ndoo kichwani kutoka mtoni, mpaka nywele za utosini zikakatika. Kaka yangu alikuwa anapanga tofali moja anarudi nyuma kulitazama, kama bwana harusi. Halafu wewe, mke wake…"

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Siku ile tulikula kila mtu peke yake, jambo ambalo hatujawahi kulifanya hata siku ya mazishi. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Usiniulize tulipitaje kwenye korido ile nyembamba bila kusemeshana. Tulipita.

Jumamosi asubuhi nikamkuta amekaa sebuleni kwenye kiti cha marehemu, amejitanda.

"Haya," akasema. "Mimi ndiye mwenyekiti. Nakuja. Hodi."

"Nini tena?"

"Hodi, nimesema!"

"Karibu."

"Karibu wapi? Endelea."

"Karibu kwenye… wifi, niache."

"Karibuni nyumbani kwangu. Nyumba yangu nzuri, ya vyumba vitatu, mume wangu kaijenga kwa matofali ya kuchoma. Sema."

Nilijaribu. Naapa nilijaribu. Nikifika kwenye "nyumba yangu nzuri" uso unawaka moto, naanza kucheka kama msichana anayeposwa. Alinirudisha mlangoni mara sita. Mara ya saba akasema, "Kweli Mungu kakunyima majivuno hata ya kuombea chakula," na sote wawili tukacheka, halafu akanirudisha mlangoni tena, kwa sababu Jumatatu ilikuwa keshokutwa.

*

Walikuja saa tatu, gari moja la serikali. Mwenyekiti, wakili, mthamini. Makusudi kabisa sikupiga deki. Wifi alisimama nyuma yangu karibu kiasi kwamba nasikia pumzi yake shingoni.

Wakili akafungua jalada, kalamu tayari. "Mama, anza. Naandika unavyosema."

"Karibuni," nikasema. "Karibuni kwenye ki—"

Wifi akakohoa kikohozi cha kumwamsha maiti.

Kalamu ikasimama. Wote wananitazama. Nikaona nikisema lile alilonifundisha wifi sitalimaliza, na nikisema la kwangu tumekwisha. Kwa hiyo sikusema lolote kati ya hayo. Nikageuka nikaingia ndani, na wao wakanifuata. Mwenyekiti akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, wakili akamwona naye akavua. Soksi yake moja ilikuwa imetoboka dole gumba, akalikunja.

"Hapa ni sebule," nikasema. "Wanangu wanne wamejifunzia kutembea hapa, mnaona ule ukuta ulivyopauka chini, ni viganja vyao. Hiki chumba nililala na mume wangu miaka thelathini na moja. Alifia hapa, upande wa dirishani, kwa sababu alitaka kusikia magari. Hiki walilala watoto, wawili juu wawili chini. Ile misumari ni ya kutundikia madaftari yasiliwe na panya. Chumba cha nyuma ni cha wifi yangu, huyu hapa. Amelala humo tangu aliporudi kwao. Hili ni jiko. Moshi umeingia kwenye bati, hautoki hata usugue."

Sikusifia kitu. Nilisema tu nani alilala wapi. Wakili aliandika kwa muda, kisha akawa anasikiliza tu. Mthamini alikuwa amebaki mlangoni, hakutaka kuvuka kizingiti, wifi akamwambia, "Ingia, baba. Leo hapajapigwa deki." Akaingia kichwa chini.

Tulipomaliza kuzunguka, wakili akarudi kwenye karatasi yake. "Kwa hiyo, mama, hapa kwenye aina ya jengo. Tuandike nini?"

Hakuna aliyenisaidia. Mwenyekiti alikuwa anatazama ile misumari.

"Andika nyumba," nikasema. "Ni nyumba." Nikatazama chini, kama nimekamatwa na kitu kisicho changu. Akaandika, akanipa, nikasoma mstari kwa mstari, nikasaini.

*

Barua ilikuja baada ya siku kumi na mbili, mwenyekiti wa mtaa aliileta mwenyewe, akatupa mkono wa pongezi. Tulikaa kizingitini, mimi na wifi, nikaifungua kwa kisu.

Nikamsomea. Kwamba fomu namba mia na nne imerekebishwa. Kwamba jengo ni nyumba ya kuishi, vyumba vitatu na sebule. Kwamba wenye mali wamepangiwa kiwanja upande wa pili wa mto, nambari imeandikwa, na watakabidhiwa hati wakishaondoka. Kwamba jengo liwe limeachwa wazi ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua, kwa ajili ya kubomolewa.

"Rudia pale pa nyumba," wifi akasema.

Nikarudia.

"Wameandika hivyo hivyo? Hujanipambia?"

"Hivyo hivyo. Nyumba ya kuishi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima uzito. "Barua ni ya tarehe ngapi?"

"Ina siku tisa tayari. Ilikaa ofisini."

"Kwa hiyo thelathini si thelathini."

"Ni ishirini na moja."

Mbele yetu, ng'ambo ya kichochoro, walikuwa wameshaanza upande wa fundi saa. Bati zake zilikuwa chini zimepangwa, na yeye mwenyewe amekaa juu yake akiwa amejishika kiuno. Alitupungia, tukampungia.

"Tutahitaji mtu wa kung'oa madirisha," wifi akasema. "Milango pia. Fremu za kaka yangu siwaachii. Ngoja nikaanze na mapazia."

"Leo pumzika."

"Pumzika wewe. Mimi naanza."

Lakini hakuinuka. Alinyoosha lile goti bovu mbele yake, akaanza kulikanda kwa viganja viwili. Mimi nikaikunja barua, nikaivua miwani, na tukakaa.